Rangi Mbichi Mlangoni

Rowena alianza kuchoka Jumatatu, na sasa ilikuwa Jumamosi. Wiki nzima hufua nguo za watu, na siku ya mapumziko hushika simu yake kupiga filamu ya mtaa wao wa vibanda, kando ya mfereji mchafu wa Manila. Mwaka wa tatu huu. Hana mfadhili wala waigizaji. Ana majirani tu, wanaosubiri kubomolewa.

Ilibaki picha moja, mlango wa mama yake wenye namba 83. Namba hizo nyekundu ziliandikwa na ofisi ya makazi ilipohesabu nyumba. Mwenye namba atahamishiwa kwingine. Asiye nayo atajijua. Lakini jua lilikuwa limeila 83 hadi kamera haikuiona. Rowena akachukua brashi, akaikoleza.

Hata brashi hajaiosha, bwana wa ofisi akatokea na orodha. Akagusa mlango. Kidole kikarudi chekundu.

"Namba 83 ni ya Teodulo. Yuko wapi?"

"Baba alifariki mwaka juzi, kaka."

"Ahaa! Mkajichorea namba ya marehemu."

"Nimeikoleza tu, kwa ajili ya filamu."

"Filamu! Jana mmoja nilimkuta na namba mbichi, kaniambia kachora mbuzi. Naifuta hii."

Mama yake, Aling Pacing, yaani Bi Pacing, akatoka na mwiko mkononi. "We Rowena! Mlango wote huo, ukaona upake hapo penye namba?"

Rowena hakuwa na nguvu hata ya kulia. Akatafuta video ya mwaka wa kwanza, akampa yule bwana simu. Aliangalia amesimama, kisha akakalia ndoo. Kwenye kioo cha simu, mzee Teodulo alikuwa mlangoni akila wali na samaki mkavu, Aling Pacing akimgombeza kwa kudondosha miiba. Nyuma yao ilionekana 83, ikiwa bado mpya.

Bwana akairudia mara mbili. Mara ya pili alicheka.

"Mama, bado unagomba vilevile," alisema, akaandika jina la Pacing palipokuwa na la mumewe. "Nyumba yako ya kuhamia ipo. Na wewe dada, mwogope Mungu, acha brashi."

Alipoondoka, Aling Pacing akamgeukia binti yake. "Haya, huo ndio mwisho wa filamu yako. Umeupiga?"

Rowena akajiegemeza mlangoni.

"Ningeupigaje, Mama? Simu alikuwa nayo yeye."

"Basi njoo ule," mama akasema. "Na mgongo wako una rangi."