Mawe Yenye Mhuri

Mpaka leo nikiona karatasi yenye mhuri, damu inanichemka.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mnunuzi wa ofisi moja mjini Arua, ofisi ya kuchimba visima. Kila kitu kilipita mikononi mwangu: saruji, mabomba, hata majani ya chai. Mkubwa wetu, mzungu mpole, alikuwa na tangi la kioo la samaki pale mapokezi, akataka mawe ya kuweka ndani. Si mawe makavu ya barabarani. Alitaka mawe hai, yenye utelezi wa kijani na konokono wadogo, kwa sababu utelezi huo, alisema, ndio unaosafisha maji ya samaki. Akasisitiza kwamba yasitoke mahali ambapo kuyachukua kutamdhuru mtu. Nilete barua ya mwenyekiti wa kijiji.

Nikajiona mjanja. Muuzaji mmoja alikuja na pikapu kutoka upande wa Koboko, mawe yamefungwa kwenye magunia yaliyoloweshwa, na barua mkononi: mawe ni ya mto, hayana mwenyewe. Saini ipo, mhuri upo. Niliisoma barua ile mara tatu. Mhuri niliuinua hadi dirishani niukague kwenye mwanga. Mawe yenyewe sikuyatazama, nilionyesha kwa kidole tu yawekwe wapi. Wapo wanaouziwa mbuzi kwenye gunia, lakini mimi gunia lilifunguliwa mbele ya macho yangu.

Wiki tatu samaki walinawiri, wageni wakasifu. Barua niliiweka kwenye faili.

Kisha nikaenda Koboko kumsalimia mama. Mama ni mjane wa askari. Kiswahili chake ni cha kambini, na ndicho alichotulelea. Nilimkuta anachuja maji kwa kipande cha kitenge kikuukuu. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikamuuliza chemchemi ya kijiji imepatwa na nini. Akasema watu walikuja na barua, wakang'oa mawe, wakawaambia wanawake kwamba serikali italeta saruji. Kingo zikaporomoka, na sasa jicho la maji limejaa udongo.

Mawe yale niliyajua. Tulipokimbia vita mwaka wa sabini na tisa tukaingia Zaire, chemchemi ilimezwa na pori. Tuliporudi, miaka mingi baadaye, wanawake waliijenga upya hata kabla ya nyumba zao: kila mmoja alibeba jiwe lake kichwani kutoka mtoni. La mama lilikuwa na mfereji katikati, kwa sababu alizoea kunolea kisu chake cha jikoni hapo akisubiri zamu ya kuchota.

Nilirudi Arua. Jumatatu niliingia ofisini, nikakunja mkono wa shati, nikatumbukiza mkono ndani ya tangi. Nikapapasa jiwe la kwanza, la pili. La tatu lilikuwa na mfereji.

Hasira zilinipanda. Nilimkasirikia muuzaji, nikamkasirikia mwenyekiti aliyegonga mhuri, na zaidi ya wote nilijikasirikia mimi, niliyekunywa maji ya chemchemi ile. Mkubwa alikuja, nikamweleza mawe yalikotoka, akaniuliza kwa upole kama barua haikuwa halali. Ilikuwa halali. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Nilimwambia sisi tunajiita watu wa maji, na tumechafua maji ya watu ili samaki sita wapendeze. Akaenda kutafuta ndoo ya kuwahamishia samaki wake.

Niliyarudisha mawe siku hiyohiyo, kwa gari la ofisi, bila kuomba ruhusa. Wanawake waliyapokea, wakayapanga. Maji hayakutakata. Udongo ulikuwa umekwisha kuteremka, na mawe hayawezi kuupandisha. Nikamweleza mama yote, jinsi nilivyodai barua, jinsi nilivyoukagua mhuri, nikitumaini ataona kwamba angalau nilijitahidi.

Alinisikiliza akiwa ameshika kitambaa chake cha kuchujia, ambacho kilikuwa kimeanza kutoboka.

"Hiyo barua iko wapi, mtoto yangu?" akauliza. "Leta hapa. Mimi nachuja maji na hiyo."