Krismasi Niliyowanywesha Wageni Kahawa ya Pilau

Naomba kwanza mniahidi hamtacheka mpaka nimalize, maana hata mume wangu, aliyeapa kwamba hatanisema popote, mpaka leo akisikia harufu ya bizari anatoka nje akacheke ndipo arudi. Aibu yenyewe niliipata mchana kweupe, siku ya Krismasi, sebuleni kwangu hapa Magomeni ya Mtwara, mbele ya mama mkwe na wanawake wa jumuiya ya kanisani, na hakuna aliyenisukuma, ni mdomo wangu mwenyewe.

Mimi naitwa Adelina, ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kabila ni Mhaya. Sasa hapo kwenye Uhaya ndipo penye shida. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, nimezaliwa na kukulia Tabora, Bukoba nimekanyaga mara mbili tu na zote zilikuwa safari za msiba, na kahawa ninayoijua ni ile ya kutafuna ambayo bibi alikuwa akituletea imefungwa kwenye majani makavu ya mgomba (na nilikuwa naitema akigeuka). Lakini huku Mtwara ukishasema wewe ni Mhaya, watu wanakuona umezaliwa katikati ya mibuni, nami sikuwahi kujisumbua kuwasahihisha.

Mume wangu, Sixtus, ni Mmakonde, na mama yake anaishi kijijini Mpapura kwenye mikorosho yake na mihogo. Wakati huo tulikuwa na mwaka na nusu kwenye ndoa na mama alikuwa hajalala kwangu hata usiku mmoja. Simu zake kwangu zilikuwa fupi mno, "Mwalimu, hamjambo? Haya," kisha kimya, simu imekatwa, nami nimeshika simu yangu pale najiambia basi, huyu mama hanitaki, alitaka mtoto wake aoe mtu wa huku huku.

Basi wiki mbili kabla ya Krismasi akanipigia. "Sixtus ananiambia nije nile sikukuu kwenu," akasema. "Hivi nyie huko kwenu, sikukuu mnakunywaga nini?"

Jamani, mtu mwenye akili angejibu chai, kwa sababu kwetu Tabora tulikunywa chai asubuhi na soda mchana, basi. Mimi nikasikia sauti yangu inasema, "Kahawa, mama. Kahawa ya viungo, ya Krismasi. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha."

Mama akasema, "Haya. Nitakuja kuionja."

Siku ile ile nikaanza kutafuta video kwenye simu. Nikapata moja, dada mmoja ana jiko linalong'aa, anachemsha kahawa na mdalasini na iliki na karafuu, halafu juu anamwaga krimu nyeupe imefura kama wingu. Krimu ya namna hiyo sikuipata madukani, nikaamua nitatumia tui zito la nazi, nazi si ndiyo yetu huku. Viungo nikamwomba jirani yangu Bi Somoe, mwanamke wa Kiislamu ambaye pilau lake likiiva mtaa mzima unapita kusalimia. Akanisagia mkesha wa sikukuu, akaniletea makopo mawili ya plastiki. "Mwalimu, sikiliza," akasema. "Kifuniko chekundu ni viungo vya chai na kahawa. Cha bluu ni vya pilau, nimekuongezea tu, humo mna bizari na vitunguu saumu vya kukausha. Usichanganye."

Nikasema siwezi kuchanganya. Alipoondoka nikafungua yote mawili nimwonyeshe mdogo wangu kwenye simu ya video, nikajisifu pale, kisha nikafunika. Nilivyofunika ndivyo nilivyofunika.

Mtaniuliza, sasa pua yako ilikuwa wapi? Pua ilikuwa na mafua. Nilikuwa nimefagia stoo siku mbili nzima kwa ajili ya mgeni, vumbi lote likaingia kwangu, na Krismasi ilipofika nilikuwa sinusi kitu wala sionji kitu, hata dawa ya mswaki ilikuwa kama chokaa. Baada ya misa ya kwanza nikawahi nyumbani peke yangu, Sixtus akabaki amsubiri mama yake, aliyekuwa anakuja moja kwa moja kutoka Mpapura kusali misa ya pili. Nikachemsha sufuria kubwa ya kahawa, nikafungua kifuniko chekundu, nikatia vijiko vitano vilivyojaa (video ilisema kimoja, ila mimi nilitaka ijulikane kuna viungo), nikamimina tui zito, sukari, nikakoroga. Rangi ilipendeza. Nikaonja, moto tu. Nikasema iko safi.

Kumbe kule kanisani mama mkwe ametangaza. Nasikia hodi, natoka, namwona mama amevaa kitenge kipya, nyuma yake wanawake wanne wa jumuiya yetu, na nyuma yao Mzee Projestus, mstaafu wa bandarini, Mhaya halisi wa Bukoba, fimbo mkononi, anatabasamu mpaka masikioni.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Nimewaambia wenzangu waje wanywe kahawa ya kwenu," mama akasema. "Na huyu mzee kasikia tu neno Bukoba, kaja mwenyewe."

"Mwaka wa thelathini niko Mtwara," Mzee Projestus akasema, "sijapata kuonjeshwa kahawa na mtoto wa nyumbani!"

Hapo bado nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, mlango bado uko wazi. Nikasema karibuni.

Nikamimina vikombe, juu ya kila kimoja nikaongeza tui kijiko kimoja kama yule dada wa kwenye video. Wakanywa. Sebule ikanyamaza, lakini kile kimya cha watu wanaotazamana kwa pembe za macho. Mama mmoja akameza kwa nguvu mpaka nikamsikia. Sixtus alikuwa ananikonyeza, ananikonyeza, mimi nikajua ananipongeza, nikamkonyeza na mimi. Halafu nikaona kimya kimezidi, nikaanza kukijaza kwa maneno: kwamba bibi yangu alikuwa akiipika hivi hivi kila Krismasi, kwamba ukoo mzima unakusanyika, kwamba inaondoa uchovu wa mwaka.

Mzee Projestus alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili anakichungulia. "Binti," akasema taratibu, "hii ni ya upande gani wa Bukoba?"

"Ya ndani ndani huko, mzee."

"Ndani ndani wapi?"

"Ndani kabisa."

Akaniuliza kitu kwa Kihaya. Nikaitikia kwa kicheko. Akauliza tena, nikacheka tena.

Ndipo Bi Somoe akaingia na sahani ya visheti, kaja kututakia sikukuu njema, na hajavua hata viatu vizuri akavuta pumzi. "Haya mwalimu! Pilau limekolea, linanukia mpaka barabarani!"

Pilau halikuwepo. Tulikuwa na wali wa nazi na kuku. Bi Somoe akatazama vikombe, akatazama uso wangu, akachukua kikombe changu akanusa, akakirudisha mezani polepole kama mtu anayeweka yai.

"Umetia cha kifuniko kipi?"

"Chekundu," nikasema, na nilipokuwa natamka hivyo nikakumbuka makopo yote mawili yako wazi na mimi nacheka na mdogo wangu kwenye simu.

Mama mmoja wa jumuiya akashindwa, akasema, "Mimi nilikuwa nasubiri nyama tu," na sebule ikapasuka. Walicheka wakafuta machozi kwa khanga. Mzee Projestus alicheka akakohoa, akapigwa mgongoni. Na mimi, badala ya kucheka nao yaishe, nikaanza kulia, mafua na machozi pamoja, nikasema yote pale pale: kwamba mimi ni wa Tabora, kwamba Kihaya sikijui, kwamba bibi hakunifundisha kahawa yoyote. Kicheko kikakatika. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko kile kicheko. Nikakimbilia jikoni.

Nyuma yangu nikasikia mama mkwe anasema, "Niongezee, Sixtus." Sixtus akauliza, "Mama, una hakika?" Akajibu, "Si kaniandalia mimi? Nipe." Akanywa kikombe cha pili mpaka chini, mbele yao wote, hakuna aliyethubutu kucheka tena. Kisha akanifuata jikoni, akavuta kigoda akakaa.

"Viungo mtu yeyote anakosea," akasema. "Lakini bibi wa uongo ulimleta wa nini?"

"Nilidhani hunitaki, mama," nikasema. "Ukipiga simu hata dakika haifiki."

Akasema, "Mimi? Mimi nilikuwa nakuogopa. Wewe unaongea kama redio. Mimi Kiswahili changu cha shamba, nikitaka kukupigia natafuta maneno kwanza, nikiyapata mawili matatu nasema haya, kabla hayajaisha."

Nikapenga mafua kwa khanga. Mama akainuka, akamimina kahawa iliyobaki kwenye ndoo ya makombo, akaosha sufuria mwenyewe, akaniuliza majani ya chai yako wapi. Tukachemsha chai ya rangi, tukaipeleka sebuleni na visheti vya Bi Somoe, na mama alilala kwangu siku nne.

Tangu siku hiyo nimejiapiza kutojisifia nisichokijua. Karibu na Pasaka iliyofuata tulikuwa ofisini shuleni, tunapanga sherehe ya kumuaga mwenzetu anayehama, mwalimu mkuu akasema panahitajika mtu wa kupika ndizi za Kihaya, walimu wote kumi na wawili wakageuza shingo kwangu. Nilihisi mdomo unaanza kufunguka wenyewe. Nikasimama, nikashika meza, nikasema, "Sijui kuzipika."

Wakaguna kidogo, wakampa kazi mtu mwingine, wakaendelea na ajenda ya soda. Nikakaa chini. Hakuna kilichotokea kabisa.