Herufi W ya Dada Yangu

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ugonjwa wangu ni kusahihisha. Nasahihisha vibao vya maduka, matangazo ya harusi, hata maandishi ya kanga. Kwa hiyo dada yangu mkubwa aliponiomba nimtengenezee tovuti ya kuuzia vitunguu saumu vyake, sikumuuliza iandikwe nini. Niliandika mwenyewe, kwa Kiswahili kilichonyooka, nikiwa nimekaa kwangu Endasak.

Dada analima nje kidogo ya mji wa Mbulu, kule juu kwenye baridi. Mwaka ule alivuna vizuri kuliko miaka yote. Vitunguu vilining'inia ghalani kwa mafungu, vimekauka safi. Lakini mvua zingemkuta hajapata mnunuzi, vingechipua, na angelazimika kumwachia dalali yuleyule wa kila mwaka na magunia yake ya lumbesa, yanayojazwa mpaka yanaota kichwa cha pili. Alichotaka ni mnunuzi wa mbali ampigie simu yeye mwenyewe.

Tovuti ikawa hewani. Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza niliandika "vitunguu saumu Mbulu" kwenye kisanduku cha kutafutia cha simu yangu, na tovuti yetu ikaja ya kwanza. Nilivimba kichwa. Nikampigia.

"Shikamoo dada. Tumekuwa wa kwanza!"

"Marahaba. Sasa mbona simu hailii?"

Nikamwambia avute subira. Wiki zikapita. Nilipunguza ukubwa wa picha ili ukurasa ufunguke haraka. Nilisoma mahali kwamba tovuti mpya huaminiwa na mitambo ya kutafutia ikitajwa na tovuti zilizoitangulia, nikawaomba watu wa parokia ya dada waweke kiungo cha kwetu kwenye ukurasa wao, wakaweka. Kimya. Mawingu yakaanza kukaa juu ya mlima Hanang, nami nikaanza kuogopa.

Shule zilipofungwa nikapanda basi kwenda Mbulu. Kabla ya kwenda kwa dada niliingia kwenye steshenari moja karibu na soko, nikamweleza mwenye duka shida yangu. Yule mama alicheka.

"Mwalimu, simu yako inakujua. Kila siku unafungua tovuti hiyohiyo, itaacha kukuletea? Ngoja tutafute kwa kompyuta yangu."

Aliandika "kitunguu s", na kabla hajamaliza, kile kisanduku cha kutafutia kikashusha orodha ya maneno ambayo watu wengine hutafuta. Bei ya kitunguu swaumu. Kitunguu swaumu cha Mbulu. Kitunguu swaumu kinakaa muda gani bila kuota. Kila mstari na W yake. Akafungua majibu ya ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sisi hatukuwepo.

"Hiyo W si sahihi," nikasema.

"Sawa, mwalimu. Lakini wanaonunua ndio wanaoandika hivyo."

Njia nzima kwenda kwa dada, nikiwa nyuma ya bodaboda, niliiwaza barua moja. Nilipokuwa kidato cha kwanza, bwenini, dada aliniandikia habari za nyumbani. Yeye aliishia darasa la saba. "Tumepanda swaumu," aliandika. Niliazima kalamu nyekundu, nikaizungushia ile W duara, nikasahihisha na makosa mengine yote, nikamrudishia barua yake kwa mkono wa jirani. Niliona namsaidia. Hakuniandikia tena. Hata meseji hatumi, yeye ni wa kupiga tu.

Nilimkuta ghalani akichambua vitunguu. Nikamweleza yote, pamoja na ile orodha. Akaacha kuchambua.

"Kwa hiyo wanaandika kama mimi."

"Kama wewe, dada."

"Hm."

"Naomba uandike wewe. Watu huwa wanakuuliza nini kuhusu vitunguu? Andika unavyowajibu."

"Utanicheka."

"Sitacheka. Na ile barua, dada, nilikosa. Nisamehe."

Alijifuta mikono kwenye kitenge, akapokea daftari na kalamu. "Nenda kaangalie ng'ombe wamefika wapi," akaniambia. "Sitaki mwalimu asimame nyuma yangu."

Nikaenda. Niliporudi, daftari lilikuwa juu ya gunia na yeye hayupo. "Swaumu yetu ni ya Mbulu. Haioti haraka kwasababu tunaikausha kivulini siyo juani. Ukitaka kujua swaumu nzuri ibonyeze, ikibonyea usinunue." Vidole viliniwasha, niseme ukweli. Hiyo "kwasababu" iliyounganishwa iliniuma kama jiwe kwenye kiatu. Nikayachapa maneno yake vilevile kwenye tovuti, pamoja na kichwa cha ukurasa: Kitunguu Swaumu cha Mbulu. Kisha nikarudi Endasak kusubiri.

Shule zilikuwa zimefunguliwa. Nilikuwa ofisi ya walimu nasahihisha insha, na nje mawingu yameshuka mpaka mlima hauonekani. Simu ikatetemeka mara moja tu. Nikajua si ya dada, maana dada hupiga. Ilikuwa meseji, na ilikuwa yake.

"Mdogo wangu mtu wa Dodoma kachukua swaumu yote, ghala tupu. Nimekuandikia kwasababu najua hutarudisha."

Niliweka kalamu nyekundu mezani, nikalia mbele ya walimu wenzangu.