Mdomo Umejaa Maziwa

Maziwa ya ng'ombe yakikaa mdomoni bila kumezwa, yanaanza kunuka kutoka ndani. Hayo hayapitii puani kama harufu zingine. Yanapanda nyuma ya koo na harufu ya nyasi, ya chumvi, ya ngozi ya ng'ombe aliyenyeshewa, mpaka unaona kama umemeza zizi zima na mlango wake. Hiyo harufu naijua kuliko mtu yeyote Dundori. Na Dundori ni pahali pa maziwa, viazi na baridi, baridi ile ambayo ukimsalimia mtu alfajiri salamu inaganda hewani, anakuja kuipata saa sita jua likitoka.

Huko kwetu, siku ya pili ya Krismasi, kulikuwa na mashindano ambayo nikiwaambia watu wa Nakuru mjini wanafikiri natunga. Kulikuwa na mto mdogo sana, hata kuku alikuwa anauvuka bila kukunja suruali, na huo mto ndio ulitugawa: sisi wa juu, na wale wa ng'ambo. Upande mmoja ulitoa mdomo, upande wa pili ukatoa ulimi. Mdomo ni mtu wa kuketi juu ya kreti mbele ya maduka, mashavu yamejaa maziwa. Ulimi ni mtu wa kumchekesha. Saa ya mkono hakuna mtu aliiamini, kwa hivyo tulining'iniza mtungi wa maji uliotobolewa na msumari. Maji yakiisha kudondoka kabla hujacheka, unatema maziwa yako yote kwa kikombe watu waone, unarudi nyumbani na heshima. Ukimwaga ama ukimeza, kondoo uliyekuja naye anachinjwa hapo hapo, wa ng'ambo wanakula, wewe unaangalia.

Mdomo wetu siku zote alikuwa baba yangu. Baba hakuwa mtu wa kucheka. Wanasema siku aliyozaliwa mkunga alimtekenya, yeye akamwangalia tu, mpaka mkunga akaomba msamaha. Lakini mwaka huo jino lilimfura, shavu likawa kama kabichi, na mdomo haukuweza kushika hata mate yake mwenyewe. Kondoo alikuwa ameshafungwa pale madukani na kila mtu ameshamwona. Wazee wakaangaliana, wakasema damu ni damu, mtoto wake aketi. Mtoto wake ni mimi. Nilikuwa darasa la tatu, lile ambalo mimi na shule tulikosana kabisa, na nilikuwa nacheka mpaka matangani.

Tena huyo kondoo alikuwa wangu. Mama yake alikufa akimzaa, nikamlea na chupa ya soda. Tulimwita Diwani kwa sababu hakuna pahali chakula kilipikwa akakosa, na hakuna siku alialikwa. Baba aliniinamia na lile kabichi lake, akasema polepole kwa upande mmoja wa mdomo, "Wambo, ukicheka, Diwani ameenda."

Nikajaza maziwa. Halafu ng'ambo wakamtoa ulimi wao, na nikaona kweli siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Alikuwa guka, baba ya mama yangu. Kila jioni nilikuwa navuka mto kumsaidia kukamua, na tukikamua alinichekesha mpaka ng'ombe akahama. Huyo mzee alijua kila pahali kicheko changu kimelala, na kinalalia mto gani.

Alianza kwa kutembea kama baba mwenye jino. Hakusema kitu, alitembea tu, ameshika shavu, anasalimia kuku kwa heshima. Watu wakaanguka. Mama Njoki mwenye hoteli alicheka mpaka akakalia karai lake la mandazi, na mandazi yenyewe yakaliwa hivyo hivyo. Mimi niliuma ulimi. Niliwaza mazishi yote niliyowahi kuenda. Nilimwangalia Diwani, na Diwani alikuwa anakula ukingo wa rinda la mama mmoja bila mwenyewe kujua, ikabidi niache kumwangalia haraka. Maji yalikuwa yanadondoka, tone, tone, kama yanakodishwa.

"Mzee, leo umepatana na ukuta," mtu wa kwetu akamrushia guka.

"Ukuta gani?" wa ng'ambo akajibu. "Angalia hayo mashavu. Hiyo ni balbu inangoja kupasuka."

"Wambo, angalia maji," baba akasema nyuma yangu. "Uso wake wachana nao."

Nikaangalia maji. Mtungi ulikuwa umebaki na kitu kidogo chini. Mashavu yalikuwa yanaungua, machozi yananitoka, na maziwa yameshapata joto, yale ya kunuka. Nikaanza kuamini Diwani atalala nyumbani. Hapo ndipo guka alikuja karibu kabisa, akasema, "Wacha nikuambie ile ya mwenye kofia."

Hiyo alikuwa ananiambia mimi peke yangu, tukikamua. Sikuwahi kufika mwisho wake nikiwa nimekaa wima.

"Kulikuwa na mtu wa hapa hapa," guka akaanza, sasa kwa sauti ya wote, "alienda Nakuru akanunua kofia kubwa. Kurudi, mbwa wake hakumjua. Akamfukuza mpaka akapanda juu ya paa. Bibi akatoka akauliza, ni nani huko juu? Akasema, ni mimi, mwenye nyumba. Bibi akasema, mwenye nyumba hana kofia. Basi akaivua, akaitupa chini. Mbwa akainusa, akaiokota na meno, akaingia nayo ndani, akaiweka kwa kiti cha mwenye nyumba."

Mimi nilikuwa nimefunga macho, nangoja pigo.

"Akaiweka kwa kiti," guka akasema tena.

Watu wakacheka, wakidhani ananitega. Nikafungua macho. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, unatafuta, kama mwisho wa hadithi ameuweka huko na tumbaku. Wiki hiyo hiyo alikuwa amesimama mlangoni kwetu akauliza njia ya kuenda kwake, na kwake kunaonekana kutoka mlango wetu, mpaka moshi. Mama alicheka, akasema guka hachoki mizaha.

"Akaiweka kwa kiti," akasema mara ya tatu.

"Maliza, mzee, maji yanaisha," wa kwao wakamwambia.

"Ama imepotelea kwa hiyo kofia?" mwingine akauliza, na kicheko kikageuka. Hakikuwa tena cha hadithi. Kilikuwa cha kumcheka yeye.

Guka akaniangalia, lakini si kama mtu tunashindana. "Wambo," akasema chini chini. "Halafu?"

Mtungi ulidondosha tone, ukangoja, ukadondosha lingine. Diwani alikuwa amemaliza rinda, anatafuta lingine. Hakuna mtu mwingine pale aliujua huo mwisho.

Nikafungua mdomo. Maziwa yakamwagika kifuani mpaka kwa viatu. Nikasema kwa nguvu wote wasikie, "Bibi akaipikia kofia chai, akaiambia pole kwa safari. Na mwenyewe bado yuko juu ya paa."

Maduka nusura yabomoke. Guka alirusha mikono juu, uso wake umerudi, akawaambia, "Si niliwaambia huyu hawezi hiyo?" Na Diwani akaenda, mbele yangu, kama sheria ilivyosema.

Tulirudi na baba, yeye amebeba kamba tupu. Tukifika mtoni akauliza, "Ulicheka?"

"Hapana."

Akatembea kidogo. "Basi usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu mpaka wote wawili walipolala udongoni. Guka alikuja kusahau jina la mama, akasahau mto una daraja, akawa anauvuka na viatu. Lakini ushindi wake hakuusahau. Mgeni akija, alininyooshea fimbo: "Huyu nilimmwagisha maziwa."

Mashindano yalikufa. Siku hizi nauza viazi kando ya barabara, na wateja hawaondoki kabla sijawadanganya kidogo. Binti yangu ananirekodi na simu, anaweka huko wanakoweka, na watu ambao sitawahi kuwaona wananicheka kutoka nchi ambazo hata baridi hawana. Mimi nafurahi, siwezi kusema uongo, angalau kwa hilo. Juzi nilikuwa katikati ya hadithi nzuri sana, na mwisho ukakataa kuja. Nikaita, nikatafuta, wapi. Nikamwangalia binti yangu.

"Si kitu, mum," akasema, macho kwa simu. "Hapo nitakata."

Akakata. Alikata vizuri, hata nikiangalia mimi mwenyewe sioni pahali nilipotelea.