Hodi Tuliyorudi Nayo

Kwetu Tanga hodi hupigwa mara tatu. Usipoitikiwa, unaondoka zako. Oktoba, tukiwa matembezini Bruges, majani yakipukutikia mferejini, nilipiga hodi kwenye nyumba ya kale iliyogeuzwa makumbusho. Kimya. Nikagoma kuingia, nyumba ya watu ni nyumba ya watu.

“We mwanamke, tiketi tumeshakata, na wenyewe walishakufa zamani!” Mume wangu akacheka, akaingia peke yake mpaka chumba cha kulala.

Tangu turudi nyumbani kwetu Stafford, kila jioni naisikia hodi mlangoni. Mara tatu, kwa adabu, kisha kimya. Kamera ya mlango haionyeshi mtu. Mimi siitikii ng'o. Mume wangu husema ni upepo.

Jana alikuwa jikoni anakaanga samaki, akajisahau.

“Karibu,” akaitikia, “pita ndani!”