Kigelegele cha Kwanza

Kabla ya kukatwa kipande cha ulimi nilikuwa mwanamke wa kuitwa. Akiolewa binti wa mtu mtaani kwetu, hapa Malindi, niliambiwa mapema: nikahi ni baada ya laasiri, usije ukachelewa. Sikuitwa kwa upishi. Pilau langu ni la kawaida tu, na biriani sithubutu. Niliitwa kwa sababu ya kigelegele.

Kwetu wanaume huenda msikitini kuoza, na wanawake hubaki ndani na bibi harusi wakingoja. Habari ikija kwamba mume amekubali, mtu mmoja huanza na wengine humpokea. Akianza kinyonge, shughuli nzima inapooza. Mimi sikuwahi kuanza kinyonge. Changu kilikuwa kirefu, kikipanda mpaka pale ambapo wenzangu hushusha pumzi, nami pale pale nikikivunja mara mbili na kukipandisha tena. Marehemu mama alikuja nacho hivyo kutoka visiwani, akaniachia mimi. Mdogo wangu, ambaye hana haya, alizoea kusema kwamba hata watu wa Mambrui walijua Malindi kuna harusi.

Kidonda kilianza ubavuni mwa ulimi. Nilidhani ni jino linanikwaruza, nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikaendelea na maneno yangu. Madaktari walipomaliza kazi yao, na mionzi ikamaliza yake, saratani ilikuwa imetoka. Namshukuru Mungu, na nasema hivyo kwa moyo wote. Lakini watu wakisikia umepona hudhani umerudi, na mimi sikuwa nimerudi. Mate yalikauka, taya likakaza hata kijiko kikawa kinapita kwa shida, na maneno yakawa yanatoka yamevimba.

Nilitamani vitu vidogo mpaka nikaona haya. Mahamri na mbaazi. Achari ya embe. Kutafuna kitu, badala ya kumeza uji kutwa. Na zaidi ya vyote nilitamani ugomvi wangu na muuza samaki. Miaka na miaka tulikuwa tukitukanana kwa heshima kila asubuhi: mimi nasema samaki huyu amelala, yeye anasema aliyelala ni mimi. Siku niliyorudi kwake nilifungua mdomo nimwambie kwamba yule samaki wake, changu, macho yameingia ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akanichagulia samaki mkubwa kuliko wote na kunitilia kikapuni. "Chukua, mama. Pole sana." Niliondoka nikilia kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Hospitalini nilipelekwa kwa mtaalamu anayewafundisha wagonjwa kumeza na kutamka upya, binti mpole aliyekulia Ganze. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mama, ungependa kurudi kufanya nini?" Nadhani alitarajia niseme kula, au kuzungumza kwenye simu. Nilimwambia nataka kupiga kigelegele. Binti yangu alikuwa ameposwa, na harusi ilikuwa baada ya Ramadhani. Ilibidi nirudie na kurudia ndipo akanielewa. Hakucheka.

"Sitakudanganya, mama," akasema. "Kigelegele kinataka ulimi mwepesi, na wako umefungwa na kovu. Tutajaribu. Lakini tuanze na kumeza."

Basi tukaanza. Alinipaka asali kwenye pembe za midomo, nami niifuate kwa ulimi. Nyumbani nilifanya hivyo mbele ya kioo kama paka aliyeiba maziwa. Alinipa vijiti vya mbao niviweke kati ya meno, kimoja juu ya kingine, ili taya lizoee kufunguka. Alinifundisha kuinamisha kidevu ninapomeza, chakula kisipotee njia. Na nilipokata tamaa kwa ajili ya sauti, alikichukua kiganja changu akakiweka kooni mwangu. "Sauti yako haikukatwa," alisema. "Ukishindwa kuisikia kwa sikio, isikie kwa mkono."

Siku moja nikamchokoza. Nikamwambia, wewe wanifundisha jambo usilolijua. Akainuka, akafunga mlango, akachungulia dirishani kama mwizi, kisha akapiga. Kilikuwa kigelegele cha kwao, kifupi na kikali, kinakatika ghafla. Nilikipenda. Lakini nje kulikuwa na wanawake wamejaa kwenye mabenchi wakingoja zamu zao, wengine wamejifunga leso kichwani kuficha nywele zilizonyonyoka, na kwetu kigelegele hakiulizwi sababu. Kikisikika kinapokewa. Akapokea mmoja, akapokea wa pili, mara ujia mzima ukawa unavuma. Tulipofungua mlango, bibi mmoja wa Matsangoni akanirukia na kunikumbatia huku akitokwa na machozi.

"Hongera, mwanangu! Wamekwambia umepona kabisa?"

Nilitikisa kichwa kukataa, lakini alikuwa keshanibusu mashavu yote mawili. Mwalimu wangu alikuwa amejificha uso kwa mikono. Nilicheka mpaka taya likaniuma, na tangu niugue sikuwa nimecheka vile. Kisha njiani kurudi nyumbani nikalia, maana wote wale walipiga, na ni mimi peke yangu ambaye sikupiga.

Harusi ilipofika nilikuwa naweza kula wali mlaini wenye mchuzi mwingi. Niliweza kuzungumza na mtu mwenye subira. Kigelegele kilikuwa bado upepo mtupu. Asubuhi ile mdogo wangu alinivuta pembeni.

"Dada, niachie nianze mimi. Hakuna atakayekulaumu."

"Thubutu," nikamwambia, "nikutoe nyumbani kwangu mbele za watu."

Hilo lilitamkika vizuri, na alilielewa.

Baada ya laasiri tulikuwa tumekaa chumbani. Binti yangu alikuwa juu ya kitanda, ameinama chini ya shela, mikono yake yenye hina imetulia mapajani. Bibi harusi kwetu hasemi wala hacheki, na hata akikohoa hukohoa kwa adabu. Simu ya mdogo wangu ikalia kutoka msikitini. Akasikiliza, akaruka. "Kashaozwa!"

Wote wakanigeukia. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo kwa kadiri vile vijiti vilivyoufungua, nikaupeleka ulimi. Ukatoka upepo. Nikajaribu tena, ukatoka upepo na kitu kama mkwaruzo wa kiti sakafuni. Hakuna aliyenipokea, kwa kuwa hapakuwa na cha kupokea, na hakuna aliyethubutu kuanza mbele yangu. Waliniheshimu kiasi hicho. Nilitamani ardhi ipasuke nizame, na wakati huohuo nilitamani kile kigelegele changu kama mtu anavyomtamani marehemu, nikijua kwamba hata mwanangu anaolewa bila ya kukisikia.

Ndipo kikatoka chini ya shela. Kilikuwa kirefu, kikapanda, kikafika pale pa kushusha pumzi, kikavunjika mara mbili na kupanda tena. Sikuwahi kumfundisha. Alikuwa amekisikia tu maisha yake yote, kwenye harusi za watoto wa wenzangu.

"We mwana, una wazimu?" akamaka shangazi yake. "Bibi harusi hujipigia mwenyewe?"

Lakini hakuna aliyemsikiliza, maana chumba kizima kilikuwa kimeshapokea. Mdogo wangu alikuwa juu ya kiti. Nilifurahi, na nitasema kweli, nilimwonea wivu mwanangu mwenyewe siku ya harusi yake. Nilikitaka kirudi kwangu. Mpaka leo nakitaka, na asali iko pale pale karibu na kioo.

Kelele zilipopamba moto, na hakuna tena aliyekuwa akinitazama, nilijifunika mdomo kwa upindo wa leso nikapiga changu chini ya vyao. Hakuna aliyekisikia, hata mimi mwenyewe sikukisikia. Nikaweka kiganja kooni kama nilivyofundishwa, nikakikuta humo kinatetemeka.