Siku Niliyokwenda Kuposa kwa Gari Linaloruka

Shida zangu zilianza mwaka 1971, mimi nina miaka kumi na mitatu, baba kafilisika Tabora na sisi tumerudi Omani, nchi ya babu zetu, na sanduku moja la bati, na tangu hapo nimelala chini, nimebeba zege, nimeshona viti vya magari mpaka vidole vikaota sugu, shule nimeonja madarasa matatu tu, na yote hayo sioni haya kuyasema mbele ya yeyote. Ninaloliona haya ni moja, nalo wanangu wakilianza tunapokula naondoka kwenye sinia. Leo nalisema mwenyewe, maana wao wanalisema vibaya.

Ilikuwa 2003. Mwanangu Salim alitaka kumwoa binti wa Sheikh Nasor wa Samad Ash Shan, mtu mkavu, mwenye mitende mpaka macho yanachoka, naye alikwishasema hadharani kwamba sisi tuliorudi kutoka Afrika hatuna utulivu. (Hatuna utulivu! Mimi niliyebeba zege!) Salim akanishika mkono akaniambia, "Baba, nakuomba, siku hiyo usifanye kitu." Mtoto ananijua.

Sasa nina mpwa wangu, Khamis, yuko Fanja, yeye anaimba ile rapu, maneno mbio mbio kama mtu anayekimbizwa na mbwa, na kila akipata hununua magari ya zamani ya Kimarekani, marefu kama varanda, anayapaka rangi za halwa, anayashusha mpaka tumbo linakaribia lami, kisha anayatia pampu na betri nyuma ili yainuke na kuruka, vijana wapige kelele. Alikuwa nayo sita chini ya banda la makuti, na viti vyote nimeshona mimi, mahameli mtupu, vifungo vimezama vizuri. Nikayatazama nikaona pikapu yangu inanuka gundi, siendi nayo kwa Sheikh.

"Nipe hilo la zambarau," nikasema.

"Mjomba, hilo lina mambo yake. Nikuendeshe mimi."

"Na hiyo minyororo shingoni? Utampa Sheikh homa. Lete ufunguo."

"Basi vua jambia uliweke nyuma. Swichi za kurukia ziko hapa chini ya usukani, zinakaa karibu na kiuno."

"Mimi niende kuposa kiuno kitupu, kama naenda kununua vitunguu?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikavaa jambia langu la fedha, nikapiga kilemba, shemeji yangu Mbarak akakaa kiti cha nyuma na uudi wake, Salim tukamwacha nyumbani anasoma dua, na njia nzima gari likaenda taratibu kama bwana harusi, watoto wanatupungia, na mimi (nisifiche) nimevimba kama andazi.

Tukafika. Nje ya sabla, lile baraza lao la wanaume, Sheikh Nasor na wazee wake wamesimama safu moja kutupokea. Nikainama nitoe mkono dirishani nisalimie, ncha ya jambia ikaingia kwenye swichi, tk, mbele ya gari ikaruka. Ilipotua, tumbo langu likasogea mbele, jambia likapiga swichi tena, tukaruka tena, yaani gari nalirusha mimi na mimi linanirusha gari, na nikijaribu kujinasua ndiyo nazidi.

Na kwa asiyejua ada za huku: mgeni akifika, habari huulizwa na kujibiwa kwanza, na jibu ni kwamba hakuna jambo, hata kama nyuma yako panaungua. Sheikh Nasor hakuiacha ada. Akasimama na fimbo yake, macho yananifuata juu na chini.

"Hayyakum Allah, Bwana Khalfan. Habari?"

"Njema..." (juu) "...alhamdulillahi."

"Kuna jambo huko mtokako?"

"Hakuna..." (chini) "...jambo."

"Na njiani?"

"Njiani utulivu..." (juu, kilemba kikatoka dirishani) "...mtupu."

"Sheikh, mimi nina jambo!" Mbarak akapiga ukelele huko nyuma. "Mimi nina habari! Nishusheni!"

Betri zikaisha tukiwa juu. Gari likabaki pua mbinguni, mimi nimelala chali kama niko kwa daktari wa meno, halafu kutoka dirisha la ghorofani nikasikia kicheko cha mwanamke, kinakatika, kinaanza upya. Nikasema moyoni, Salim mwanangu, baba yako amekuzika.

Sheikh akafungua mlango, akaniona nilivyonasa, na kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya safu nzima, akanifungua mkanda wa jambia kama mtoto anavyovuliwa nepi. Tukaingia, tukala halwa, tukanywa kahawa, hakuna aliyeligusa lile. Nikaposa kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Mzee akatikisa kikombe chake, yaani kahawa inamtosha.

"Yule uliyemsikia dirishani ni binti yangu," akasema. "Mama yake alifariki mwaka jana. Tangu siku ile sijamsikia akicheka mpaka leo." Akafuta macho kwa ncha ya kilemba, akanikazia uso ule ule mkavu. "Tumekubali. Lakini siku ya harusi, Bwana Khalfan, wewe uje kwa miguu."

Nikaenda kwa miguu. Niliteremka kituo cha petroli nikatembea na jua lile, watu wananisimamishia magari nakataa, na tangu siku hiyo sijapanda gari la Khamis hata likiwa limezimwa; viti vyake namshonea nimesimama nje, nimeingiza mikono tu.

Leo nina karakana mbili za viti Ibra. Nyumba ya ghorofa moja, haina mshirika. Shamba dogo la mitende. Mke yule yule. Mkwe ambaye akinifungulia mlango huanza kucheka kabla hajanipa shikamoo. Wajukuu wanne. Pikapu moja, nyeupe, magurudumu yote chini.